Digrii Peke Yake Haikufanyi Aktuari
(Mazungumzo na vijana baada ya Swala ya Alasiri)



Ndugu zangu, nitasema machache, maana futari iko karibu na nyuso zenu naziona. Kijana wetu akipata A ya Hisabati katika KCSE, nyumbani huambiwa: daktari au injinia. Kuna kazi nyingine hatuitaji kabisa, ya aktuari.

Ni kazi gani? Tuseme majirani 1,000 wana mfuko wa kusaidiana nyumba ikiungua. Kwa kawaida huungua nyumba 5 kwa mwaka, na kila moja hulipwa shilingi 400,000. Jumla ni 2,000,000, basi kila mtu atoe 2,000. Rahisi, sivyo? Je, mwaka huu zikiungua 9? Mfuko umepungukiwa na 1,600,000, na mama na wanawe wako nje wanangojea. Aktuari ndiye anayepima mapema mwaka mbaya waweza kuwa mbaya kiasi gani, na akiba gani iwekwe. Akikadiria kidogo, mfuko unakauka. Akizidisha, anawadhulumu wanaochanga.

Sasa njia yake. Digrii ya sayansi ya aktuari inasomeshwa Chuo Kikuu cha Nairobi, JKUAT na kwengineko: hesabu, takwimu, uchumi, miaka minne. Na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wakishavaa joho, wanadhani wamemaliza. Bado! Kuna mitihani ya kitaaluma, na wengi wa Kenya hufanya ya Institute and Faculty of Actuaries ya Uingereza. Somo ulilolipita vizuri chuoni laweza kukusamehe karatasi fulani, lakini si vyuo vyote vina mapatano hayo, kwa hivyo uliza kabla ya kujiunga. Ukipita na ukapata uzoefu kazini unakuwa Associate, ukiendelea Fellow. Ni miaka hiyo, na ada yake hulipwa kwa pauni. Mzazi ajue hesabu haiishii kwenye karo ya chuo. Tena mitihani huja Aprili na Septemba. Mwaka 2022 Aprili karibu yote ilikuwa Ramadhan, watu wakafanya karatasi na funga zao.

Binti mmoja aliniuliza, "Ustadh, si bima ni haramu?" Swali zuri, tusilikwepe. Majma ya Fiqhi ya Jiddah, mwaka 1985, ilikataza bima ya kibiashara na ikakubali ya kusaidiana. Kenya kampuni ya takaful ilianza 2011, na takaful haiendi bila ile hesabu ya nyumba 9. Lakini nisiwadanganye: nafasi nyingi za kazi ziko kwenye bima za kawaida na mifuko ya pensheni. Mimi si mufti. Muulize sheikh unayemwamini kabla ya kulipa karo, si baada.

Walio Form Four, baada ya taraweh nitakuwa pale kibarazani. Njooni na wazazi wenu.

Wabillahi tawfiq.