Neno, Mnara na Kitambulisho: Juu ya Uhuru wa Kauli Kaskazini Mashariki



Katika kumbi za Nairobi, mahakamani, Bungeni na katika kurasa za magazeti, kumejadiliwa kwa miaka mingi mipaka ya kauli katika mitandao: mtu aruhusiwe kusema nini, azuiliwe nini, nani ahukumu, na adhabu iwe ya kiasi gani. Suala hilo ni zito, wala sikusudii kulidharau; lakini naona kwamba sisi tukaao ng'ambo hii ya mto Tana, ambao tumeishi chini ya sheria za kipekee kwa miaka mingi zaidi kuliko tulivyoishi bila ya hizo, tuna ushahidi ambao wenzetu hawana, na ushahidi huo haujatumiwa ipasavyo. Rai yangu ni kwamba dola ikijitwalia mamlaka ya kuamua ipi ni habari ya kweli na ipi ni ya uongo, wa kwanza kunyamazishwa huwa ni yule aliye mbali na makao makuu, naye aghalabu ndiye aliyeona kwa macho yake.

Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya wilaya za pembeni, ambayo baadaye ilitumiwa kulifunga eneo lote la kaskazini, asiingie mtu wala asitoke ila kwa idhini. Na mwaka 1934 ikaongezwa sheria ya wilaya maalumu, iliyowapa maafisa wa utawala uwezo mkubwa juu ya watu na mifugo yao. Bendera ya Uhuru ilipandishwa tarehe 12 Desemba 1963, na kabla mwezi haujaisha hali ya hatari ikatangazwa huku, nayo haikuondolewa hadi mwaka 1991. Mtoto aliyezaliwa Garissa siku ile ya tangazo alikuwa akikaribia miaka 28 siku alipoanza kuishi chini ya sheria ile ile iliyomhifadhi Mkenya wa Nyeri au wa Kisumu.

Vita vya miaka ile ya sitini juu ya eneo hili vilipiganwa kwa bunduki na kwa redio pamoja. Mogadishu ilirusha matangazo ya kuchochea, Nairobi nayo ikajibu, hata ikawa mwaka 1967, Kenya na Somalia zilipokutana Arusha mbele ya Rais Kenneth Kaunda wa Zambia kutafuta suluhu, mojawapo ya mambo yaliyoafikiwa ni kwamba pande zote mbili ziache propaganda ya uhasama katika redio na magazeti. Napenda wanafunzi wa sheria walitafakari jambo hilo. Serikali mbili zilikaa kupatana juu ya maneno kama zinavyopatana juu ya majeshi, ilhali mfugaji wa Wajir au wa Ijara, ambaye maneno hayo yote yalikuwa yakimhusu yeye na ardhi yake, hakuwa na kipaza sauti Mogadishu wala Nairobi. Alikuwa msikilizaji wa hukumu zake mwenyewe.

Hata hivyo hujja yangu kubwa ni Wagalla, nami naomba mniwie radhi nikikaa hapo kitambo.

Tarehe 10 Februari 1984 askari walianza kuwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia, mjini Wajir na katika vijiji na manyatta za jirani, wakawapeleka kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, usio mbali na mji. Walivuliwa nguo, wakalazwa juu ya changarawe katika jua la Februari, bila maji wala chakula, siku baada ya siku. Walioinuka au waliojaribu kukimbia walipigwa risasi. Hakukuwa na gazeti wala mwandishi wa habari. Hali ya hatari ilikuwa ikitimiza kazi yake barabara, kwani eneo zima lilikuwa limefungwa, na neno halikuweza kutoka isipokuwa kwa kubebwa na mtu.

Nalo lilibebwa na watu. Mtawalia wakatokea wauguzi, jamaa za waliopotea, na mwanamke wa Kitaliano, Annalena Tonelli, aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu mjini Wajir, ambaye alikwenda na gari kuwaokota majeruhi na kuwazika maiti. Majina yakaandikwa kwa mkono kwenye karatasi, moja chini ya jingine, jina la mtu, la baba yake na la babu yake, kama ilivyo desturi yetu ya kumtambua mtu. Na orodha hiyo ikasafirishwa kwa siri hata ikawafikia wanadiplomasia jijini Nairobi. Mbunge wa Wajir Magharibi, Ahmed Khalif, akasimama Bungeni mwaka huo huo kuuliza. Serikali ikajibu kwamba waliokufa ni 57. Hiyo ndiyo iliyokuwa habari rasmi, na kwa miaka 16 ikabaki hiyo, mpaka mwaka 2000 serikali ilipokiri kwamba wafu walikuwa 381. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipotoa ripoti yake mwaka 2013 ikasema kwamba idadi hiyo yaweza kuwa inakaribia 1,000. Bi Tonelli alilazimishwa kuondoka nchini. Akaendelea na kazi yake kwa Wasomali wa ng'ambo ya mpaka, na mwaka 2003 akauawa huko Borama.

Sasa tuilete karatasi ile katika zama zetu. Mwezi Mei mwaka 2018 ilitiwa saini Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao, ambayo kifungu chake cha 22 kilimwadhibu anayechapisha kwa makusudi habari za uongo kwa faini isiyozidi shilingi milioni tano au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili, na kifungu cha 23, juu ya habari za uongo zinazoweza kuleta taharuki au fujo, kilipandisha kifungo hadi miaka kumi. Chama cha wanablogu kilikwenda mahakamani. Jaji Chacha Mwita akavisimamisha vifungu 26 kabla havijaanza kutumika. Na mwezi Februari 2020 Jaji James Makau akaihalalisha sheria yote. Mimi si hakimu, na hukumu ya mahakama naiheshimu, lakini naomba ruhusa ya kuuliza. Muuguzi wa Wajir mwenye orodha ya mamia ya majina, ambaye serikali ya nchi yake imetamka Bungeni kwamba wafu ni 57, na ambaye tamko lake bila shaka litazua taharuki, angeshtakiwa kwa kifungu kipi? Angeshtakiwa kwa cha 23, na kielelezo cha kwanza cha upande wa mashtaka kingekuwa tamko la waziri. Ukweli wake ungehitaji miaka 16 ili nusu yake ikubaliwe. Angekuwa amekwisha kumaliza kifungo chake na kutoka.

Kuna watakaosema kwamba hayo yalikuwa ya zamani na kwamba Katiba ya 2010 imebadili mambo. Imebadili, tena sana. Kifungu cha 33 kimetupa uhuru wa kujieleza, na mahakama zimekilinda mara kadhaa kwa ushujaa: mwezi Februari 2015 majaji wa Mahakama Kuu walifuta sehemu za sheria ya usalama ya mwaka 2014 zilizotaka kuvifunga midomo vyombo vya habari katika mambo ya ugaidi, mwaka 2016 Jaji Mumbi Ngugi alikifuta kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano katika kesi ya Geoffrey Andare, na mwaka 2017 kashfa ikaondolewa katika orodha ya jinai. Lakini mwezi Juni 2025 mwalimu kijana, Albert Ojwang', alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa mtandaoni juu ya afisa mkubwa wa polisi, akasafirishwa hadi Nairobi, na usiku ule ule akafa akiwa mikononi mwa polisi. Hakufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Basi Katiba iko, na anayemkamata msemaji bado ni yule yule.

Tarehe 2 Aprili 2015, wiki chache tu baada ya hukumu ile juu ya sheria ya usalama, wauaji waliingia alfajiri katika chuo chetu hapa Garissa wakaua watu 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Sitaeleza zaidi, wako miongoni mwetu wanaokumbuka. Nitasema hili tu, kwamba katika siku chache majina na nyuso za marehemu zilienea mitandaoni, kwa kuwa Wakenya wa kila kabila walikataa watoto wale waitwe idadi tupu, na maswali kuhusu saa nyingi zilizopita kabla ya kikosi maalumu kufika yaliulizwa hadharani na serikali ikalazimika kuyakabili. Majina ya Wagalla yalitembea kwa miguu, kwa miaka; majina ya Garissa yaliruka kwa siku mbili. Hiyo ndiyo neema ya chombo hiki, na anayetaka kukifunga akumbuke kwamba angeifunga hiyo pia.

Lakini katika siku zile zile yaliruka mengine. Msomali yeyote, mwenye duka Isiolo au mwanafunzi Eldoret, alitukanwa na kutishwa kwa sababu ya jina lake. Nasi tukiwa wakweli, huku kwetu pia kauli imeua. Ugomvi wa koo juu ya kisima au mpaka wa kata, ambao zamani wazee wangeukalia chini ya mti siku tatu, leo huwashwa kabla haujakaliwa, kwa ujumbe wa sauti wa dakika mbili. Nendeni soko la mifugo la Garissa siku ya mnada mkaone: mzee amesimama kati ya mbuzi wake, simu ameibana sikioni, anasikiliza sauti ya mtu asiyemjua ikimwambia kwamba ukoo fulani umeua, anausikiliza ujumbe huo tena, kisha anausogeza kwa jamaa zake, ambao kila mmoja ana makundi yake ya WhatsApp. Hakuna lililoandikwa. Maandishi ya Kisomali yalirasimishwa mwaka 1972 tu, na wazee wetu wengi ni watu wa kusema na kusikia. Mashine za kampuni kubwa za mitandao, zilizofunzwa kusoma maandishi ya Kiingereza, hazimsikii yule msemaji kamwe. Vijana walioajiriwa jijini Nairobi kuchuja maudhui ya Facebook kwa lugha za ukanda huu walikwenda mahakamani kudai kwamba kazi hiyo imewaharibu nafsi, na mwaka 2024 Mahakama ya Rufaa ikakubali kwamba kampuni ya Marekani yenye mtandao huo yaweza kushtakiwa hapa. Hilo ni jambo la heri. Katiba yenyewe, katika kifungu kile kile cha 33, imeondoa uchochezi wa ghasia na maneno ya chuki katika himaya ya uhuru, nami sina pingamizi: anayeita watu wachinje jirani ashtakiwe, kwa ushahidi, mbele ya hakimu, mchana. Kosa lake ni uchochezi, na sheria ya kulihukumu ipo tangu zamani. Halihitaji afisa wa kupima ukweli wa kila neno.

Dawa ya uvumi ni habari, na habari yahitaji mnara. Tarehe 13 Januari 2020 wapiganaji wa al-Shabaab waliwaua walimu watatu Kamuthe, katika kaunti hii, na katika mashambulizi ya miaka ile minara ya simu ilikuwa shabaha yao mara kwa mara, Garissa, Wajir na Mandera, kwa kuwa walijua kwamba kijiji kisichoweza kupiga simu hakiwezi kutoa taarifa, wala kupokea pesa, wala kukanusha uongo. Mnara unaoachwa umelala baada ya kuangushwa unatimiza shauri la aliyeuangusha.

Tena kuna lango jingine kabla ya mnara. Abiria wa basi la Nairobi washushwa kwenye kizuizi cha daraja la Tana, wapange mstari kando ya barabara, kila mmoja na kitambulisho mkononi, na askari atazama kadi, atazama uso, atazama kadi tena. Asiye na kadi habebwi. Vilevile asiye na kadi hasajiliwi laini ya simu kwa jina lake, na asiye na laini hana sauti katika mjadala wowote wa mtandaoni. Kwa miongo mingi vijana wetu wamehojiwa na kamati za ukaguzi ambazo kijana wa Murang'a hakuziona, na maelfu ya raia ambao wakati wa ukame alama za vidole vyao ziliingizwa katika daftari la wakimbizi la Dadaab walinyimwa kitambulisho kwa sababu kompyuta iliwataja kuwa wageni. Mwezi Februari 2025 Rais alitangaza kule Wajir kwamba ukaguzi huo umekwisha. Tamko hilo tulipokee kwa shukrani, na tulipime katika ofisi ya msajili, siku kijana atakapofika na cheti chake cha kuzaliwa.

Kwenu wanafunzi nina ombi. Wazee walioshuhudia moto ulioteketeza mtaa wa Bulla Karatasi hapa Garissa mwezi Novemba 1980, na wale waliosalimika Wagalla, wanapungua kila mwaka. Mnazo simu zinazorekodi sauti. Waendeeni, kwa adabu na kwa idhini yao, muandike jina, la baba na la babu, na mahali na siku, na nakala muweke zaidi ya sehemu moja. Na kwa waheshimiwa wabunge wa kaunti zetu tatu: ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa Rais Uhuru Kenyatta tarehe 21 Mei 2013, na utekelezaji wake ukaachiwa Bunge. Bado unangoja. Ileteni mbele ya Bunge, na majina ya wafu wetu yasomwe humo.