Maganda ya Kamba na Mbegu za Mlonge Katika Kusafisha Maji



Mto Sabaki unaoingia baharini karibu na Malindi ndio huo huo Mto Athi wa kule juu, unaopokea maji ya Mto Nairobi. Njiani huzoa udongo wa mashamba, maji taka ya miji na mabaki ya viwanda. Anayechota huku chini huchota na ya watu wa juu.

Tope huonekana. Risasi iliyoyeyuka majini haionekani, wala kuchemsha hakuiondoi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 za risasi kwa lita ya maji ya kunywa, kwani madini haya huharibu ubongo wa mtoto.

Maganda ya kamba na kaa, yanayotupwa kila siku, yana kitu kiitwacho kaitini. Kiwandani huondolewa chokaa kwa asidi, kisha hupikwa kwa soda kali na kuwa kaitosani, ambayo hunasa risasi, shaba na zebaki. Tofauti na plastiki, kaitosani huoza. Hapo ndipo pa kuangaliwa: iliyokwisha kunasa sumu ikitupwa ovyo, itaoza na sumu itarudi ardhini. Kazi hii ni ya wataalamu, isijaribiwe jikoni. Kutia maganda mabichi kwenye mtungi huchafua maji zaidi.

Linalowezekana nyumbani ni mbegu za mlonge. Protini iliyomo huvutana na chembe za tope, zikashikana, zikawa nzito na kuzama. Kina mama wa Sudan wametumia njia hii kwa maji ya Mto Nile.

Kwa mtungi wa lita 20:

1. Chukua mbegu zilizokauka vizuri, menya, twanga, chekecha.
2. Koroga vijiko viwili vidogo vya unga huo katika kikombe cha maji safi, kisha chuja kwa kitambaa.
3. Mimina maji hayo mtungini. Koroga haraka kwa dakika moja, halafu polepole kwa dakika 5 hadi 10.
4. Funika, acha yatulie saa moja au zaidi, kisha mimina yaliyo juu bila kutibua tope.

Maji yakitakata macho hayajawa salama bado. Vijidudu hupungua lakini haviishi, kwa hiyo yachemshwe au yatiwe klorini, na yatumiwe siku hiyo hiyo. Mlonge hauondoi chumvi ya kisima, na usitegemewe kuondoa risasi. Penye shaka ya sumu ya kiwanda, maji yapimwe maabara kwanza, na watoto wapewe maji ya kutoka kwingine hadi majibu yatoke.