TAA ZA PIKIPIKI NA USALAMA WA USIKU: MAZUNGUMZO KWA WAKAZI WA MWAMAPALALA

Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo juu ya kuongeza mwanga wa taa za pikipiki na namna ya pikipiki kuonekana barabarani. Mfano umechukuliwa Mwamapalala, Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu, lakini mafunzo yake yanawahusu pia watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba wanaotumia vyombo hivyo.

Mwamapalala ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Bariadi hadi ilipoundwa Wilaya ya Itilima, wakati Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012. Ni nchi ya wakulima wa pamba na wafugaji wa ng'ombe. Pikipiki ndiyo inayompeleka mkulima mnadani, mwalimu kazini na mgonjwa katika kituo cha afya. Mwaka 2022 Serikali ya Jamhuri ya Muungano iliwagawia maafisa ugani pikipiki ili wawafikie wakulima vijijini. Kwa hivyo jambo hili si la vijana wa bodaboda peke yao. Linamgusa pia mtumishi wa umma aliyekabidhiwa chombo cha Serikali.

Giza huwa limekwisha ingia ifikapo saa moja na nusu usiku, na barabara za vijijini hazina taa. Katika giza hilo hupita mikokoteni ya ng'ombe isiyo na taa, baiskeli, mifugo iliyochelewa kurudi zizini na watu wanaotembea kwa miguu. Wakati wa kiangazi vumbi hufunika njia. Wakati wa mvua udongo mweusi wa mbugani hurukia kioo cha taa na kukiziba. Mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku wa manane, mara nyingi chombo kilicho karibu ni pikipiki. Usalama wa roho mbili hizo, na ya dereva ikiwa ya tatu, huwa umetegemea taa moja tu.

Inafaa kwanza kufahamu hesabu yenyewe. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa hupita mita 14 kila sekunde. Dereva aliye macho huchukua kama sekunde moja kabla ya mkono na mguu wake kubana breki, na baada ya hapo chombo huendelea kuserereka. Kwa jumla, katika lami kavu huhitajiwa kama mita 30 hadi chombo kisimame. Katika changarawe, au pikipiki ikiwa imebeba abiria na mzigo, huhitajiwa zaidi. Ikiwa taa inaonyesha mita 15 tu mbele, basi dereva huyo humwona ng'ombe wakati ambapo hana tena uwezo wa kumkwepa. Taa hafifu na mwendo wa kasi haviwezi kukaa pamoja.

Taa nyingi za pikipiki ndogo hazikuwa hafifu zilipotoka kiwandani. Zimefifia kwa sababu ambazo fundi wa kijijini anaweza kuziondoa. Sababu zenyewe ni hizi:

(a) Kioo na sahani ya ndani. Kioo kilichochujuka, au sahani inayorudisha mwanga ikiwa imeshika kutu au vumbi, hupoteza sehemu kubwa ya mwanga. Kioo na kisafishwe kwa maji na kitambaa laini kila kabla ya safari ya usiku. Sahani iliyokwisha babuka haisuguliki ikarudi upya, hubadilishwa.

(b) Balbu. Balbu iliyozeeka huwa nyeusi ndani na mwanga wake hupungua kabla haijaungua. Balbu mpya ya halojeni isiguswe kwa vidole kwenye kioo chake, kwani mafuta ya ngozi huifupishia maisha.

(c) Nyaya na viungo. Hapa ndipo umeme mwingi hupotelea. Balbu ya halojeni ikipungukiwa na asilimia 10 ya volti zake, yaani kutoka volti 12 hadi 10.8, hupoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Upungufu huo huweza kuletwa na kiungo kimoja kilichoshika kutu, swichi iliyochakaa, au waya uliolegea pale unapofungwa kwenye bodi ya pikipiki. Kukwangua kutu na kukaza viungo ni kazi ya nusu saa.

(d) Betri na mfumo wa kuchaji. Katika pikipiki nyingi za zamani taa ya mbele hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili ya injini. Ndiyo maana hufifia injini inapopungua mwendo na kung'aa inapoongezwa. Katika zile zinazotumia betri, betri iliyokufa huharibu mwanga wa taa zote.

Aidha, imezoeleka kuwa dereva asiyeridhika na taa yake hununua balbu yenye nguvu zaidi. Jambo hili lina hatari. Pikipiki iliyoundwa kwa balbu ya wati 35 ikifungwa ya wati 60, nyaya hupata moto, sahani ya plastiki huyeyuka na betri huishiwa nguvu. Balbu za kisasa za LED hutumia umeme kidogo, lakini zikitiwa katika sahani iliyotengenezwa kwa balbu ya halojeni mara nyingi hutawanya mwanga ovyo. Aliyezifunga hudhani anaona vizuri, kumbe anampofusha anayekuja mbele yake, na aliyepofushwa ndiye anayeweza kumgonga. Anayetaka LED na afunge taa kamili iliyoundwa kwa ajili hiyo, nayo ielekezwe sawasawa.

Kuelekeza taa hakuhitaji mashine. Pikipiki isimamishwe mahali tambarare, mita 5 kutoka ukutani, dereva akiwa amekaa juu yake, na taa iwashwe katika mwanga wa karibu. Kitovu cha mwanga ukutani kiwe chini ya kimo cha taa kwa sentimita 5 hadi 10. Taa iliyo sentimita 90 kutoka ardhini, ikiinamishwa sentimita 10 kwa njia hiyo, hufika chini umbali wa mita 45. Ikumbukwe kuwa magunia au abiria nyuma huishusha sehemu ya nyuma na kuipandisha taa ya mbele. Kwa hivyo anayebeba mzigo kila siku na apime akiwa na mzigo.

Ndugu Wananchi, kuona ni nusu ya jambo; nusu ya pili ni kuonekana. Nchini Malaysia, waendesha pikipiki walipotakiwa kuwasha taa mchana kuanzia mwaka 1992, uchunguzi ulionyesha kuwa ajali zinazotokana na pikipiki kutoonekana zilipungua kwa karibu asilimia 29. Uchunguzi uliofanywa Auckland, New Zealand, na kutangazwa mwaka 2004, uliwakuta waliovaa nguo zinazong'aa au kuakisi mwanga wakiwa na hatari ya kuumia pungufu kwa asilimia 37, na waliovaa kofia ngumu nyeupe pungufu kwa asilimia 24 kuliko wa kofia nyeusi.

Kwa hivyo taa nyekundu ya nyuma, taa ya breki, indiketa na rifleta si mapambo. Lori linalokuja nyuma ya pikipiki isiyo na taa ya nyuma halina habari nayo. Wenye mikokoteni nao wanahimizwa kubandika rifleta nyuma na ubavuni, kwa kuwa ng'ombe hawawashi taa. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakitaka chombo cha moto kinachotembea usiku kiwe na taa. Lakini mwenye busara hangojei askari.

Wakuu wa ofisi zenye pikipiki za Serikali wanaombwa kuhakikisha kuwa taa zinakaguliwa pamoja na mafuta na magurudumu, na chombo chenye taa mbovu kisitolewe kwa safari ya usiku. Viongozi wa vijiwe vya bodaboda nao wawakumbushe wenzao jioni, kabla jua halijazama. Na yule ambaye taa yake imemfia njiani, asiharakishe. Apunguze mwendo hadi ule ambao macho yake yanaufikia, au alale alipofika. Bei ya balbu ni ndogo kuliko gharama ya siku moja ya kuuguza mguu uliovunjika, na mwenye haraka ya kufika usiku huu anangojewa nyumbani kesho pia.