Ritifaa Njiani: Neno la Kiswahili katika Anwani ya Tovuti

Ng'ambo ni jina la upande wa pili wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, kuvuka mkondo wa bahari ambao umekwisha kufukiwa. Jina hilo haliandikiki bila ya ritifaa. Kwenye tovuti, alama hiyo ndogo huweza kuamua iwapo neno litafika liendako.

Chukua kamusi la mtandaoni lililojengwa kwa Django, kiunzi cha kuundia tovuti kilichotolewa kwa umma mwaka 2005. Msomaji wa Kikwajuni anaandika anwani inayoishia na kamusi/ng'oa. Kiunzi huilinganisha anwani hiyo na ruwaza zilizoorodheshwa na mtunzi wa programu. Ruwaza mojawapo husema kwamba baada ya "kamusi" patakuja neno. Neno hilo huchopolewa, hupewa jina, kwa mfano "kidahizo", kisha hukabidhiwa kwa sehemu ya programu itafutayo maana na kuandaa ukurasa. Mwanaisimu hatoona ugeni: hata katika kitenzi nafasi ya kiambishi imekwisha kuwekwa, kinachobadilika ni kile kinachoijaza.

Tatizo ni aina ya nafasi. Tangu toleo la 2.0 la mwaka 2017, mtunzi hutaja kwa wepesi nafasi ipokee nini. Aina iitwayo slagi, ipendwayo kwa kuwa anwani zake ni nadhifu, hukubali herufi za kawaida za Kilatini, tarakimu, kistari na mstari wa chini tu. Ng'oa haipiti, msomaji huambiwa ukurasa haupo.

Baya zaidi ni pale kiunzi kinapotakiwa kuunda slagi chenyewe, kwani hufuta ritifaa, na ng'oa ikawa ngoa. Kung'oa ni kutoa kitu na mizizi yake. Ngoa ni wivu au uchu. La kwanza huanza kwa king'ong'o kitupu, la pili kwa king'ong'o kinachofuatwa na kipasuo. Sasa yanagombea anwani moja. Wasemao kwamba muktadha utayatofautisha wamesahau kwamba anwani haina muktadha.

Dawa ipo: nafasi ipewe aina ipokeayo mfuatano wowote usio na mkwaju. Hata hivyo, programu nyingi za kuandikia huweka ritifaa iliyopinda badala ya iliyonyooka. Kwa jicho ni alama moja, kwa kompyuta ni mbili, hivyo kidahizo kisawazishwe kwanza, ndipo kitafutwe.