Barabara Hupimwa kwa Aendaye Polepole

Hotuba ya Afisa Uhusiano wa Polisi mbele ya wakazi, wachuuzi na waendesha baiskeli, Bwera



Leo nitasema juu ya baiskeli. Najua wapo watakaoona kwamba hilo ni jambo dogo kwa mtu aliyevaa sare, naye yuko mpakani. Nawaomba subira. Chombo hiki ni cha mpakani tangu zamani. Hata neno boda boda lilizaliwa mpakani, upande wa Busia, pale vijana walipobeba abiria kwenye keria za baiskeli na kuwavusha kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi nyingine. Pikipiki zilikuja baadaye zikarithi jina.

Sasa tuitazame barabara yetu kwa macho ya mtu anayekanyaga pedali. Anatoka Kasese, mji uliokua reli ilipofika mwaka 1956 kufuata shaba ya Kilembe. Anaelekea kusini. Mkono wake wa kuume ni milima ya Rwenzori, ambayo kilele chake cha Margherita kina mita 5,109 na theluji yake iko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Mkono wa kushoto ni tambarare na mbuga. Afikapo Kikorongo anakunja kulia, na kutoka hapo hadi Mpondwe ni kiasi cha kilomita 38 za kupanda na kushuka miguuni mwa milima: anapita Kinyamaseke, anaingia Bwera, kisha anateremka hadi mto Lhubiriha, na ng'ambo yake ni Kongo.

Njia kama hii, wenzetu wa Italia na Ufaransa wameifanya kuwa riziki. Miji yao ya kale yenye kuta za mawe, iliyojengwa vilimani karne nyingi zilizopita, hupokea wageni wanaokuja na baiskeli. Mgeni wa baiskeli hapiti kwa kasi akaacha vumbi tu. Huchoka, husimama, hunywa kahawa, hununua ndizi, hulala. Nasi tunayo miji yenye historia. Katwe palikuwa na biashara ya chumvi muda mrefu kabla Lugard hajajenga ngome yake pale mwaka 1891. Na mnamo Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Dunia imekwisha kuona kwamba vilima vya pande hizi vinafaa kuendeshwa baiskeli. Wageni kama hao watakuja kwetu pia, iwapo watasikia kwamba njia yetu ni salama.

Lakini nisingependa mdhani kwamba nimekuja kwa ajili ya wageni. Kabla mgeni hajaja na baiskeli nyepesi ya bei kubwa, yupo mwenyeji mwenye baiskeli nzito ya chuma, amefunga mkungu wa matoke au gunia la kahawa, anasukuma mlimani kabla ya alfajiri ili awahi soko. Hao wawili wanatumia ukingo uleule wa lami. Lori linalomtisha mmoja ndilo linalomtisha mwingine. Barabara ikimlinda muuza matoke, itamlinda na mgeni. Ikimwangusha huyu, haiwezi kumwahidi yule usalama.

Wahenga walisema: mwenda pole hajikwai. Ni kweli, hajikwai. Ila aweza kugongwa na mwenye haraka. Katika miaka yangu ya kazi nimesaidia kuinua baiskeli kutoka mitaroni, na mara nyingi dereva alisema neno lilelile: sikumwona. Siku moja nilimsimamisha mzee mmoja jioni, hana taa mbele wala kiakisi mwanga nyuma. Nikamweleza hatari. Akaniuliza kwa upole: "Afande, taa hiyo ni sawa na kilo ngapi za chumvi?" Sikuwa na jibu la haraka. Nilitambua kwamba nilikuwa nikizungumza sheria na mtu anayehesabu mlo wa watoto wake.

Kwa hiyo nasema mambo yanayowezekana. Asiye na uwezo wa taa aanze na kiakisi, kile kidude chekundu kinachong'aa kikimulikwa. Bei yake ni ndogo. Asiye nacho avae shati jeupe na afunge kitambaa cheupe nyuma ya mzigo. Kagua breki kabla ya mteremko wa Mpondwe, maana mzigo mzito hushuka na mwenyewe. Endesheni upande wa kushoto, mmoja nyuma ya mwingine. Mvua kubwa ikinyesha milimani, usijaribu kuvuka maji yaliyopita juu ya daraja. Tuliuona mto Nyamwamba mwezi Mei 2013, tukauona tena Mei 2020. Hakuna asiyejua ulichukua nini.

Kwenye kipande kinachopita kando ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, safiri mchana. Ukimkuta tembo barabarani, simama mbali, usipige kengele, usijaribu kumpita. Geuka urudi au ngoja gari. Njia za ndani ya hifadhi haziingiwi bila idhini ya Mamlaka ya Wanyamapori.

Nanyi madereva wa malori na mabasi, mwenye baiskeli si takataka ya kupeperushwa ukingoni. Mpe nafasi. Dakika moja ya kungoja nyuma yake hadi njia iwe wazi haitaharibu safari yako.

Sasa nifike kwenye jambo zito. Mwaka 2023 eneo letu lililia mara mbili. Mwezi Juni wanafunzi wa shule ya Lhubiriha waliuawa usiku. Mwezi Oktoba wageni wawili na mwongozaji wao waliuawa ndani ya hifadhi. Sitaki kuyachokonoa majeraha ya wazazi walio miongoni mwetu. Nayataja kwa sababu moja. Mtu wa baiskeli huenda polepole, na kwa hiyo huona. Huona nyayo ngeni kwenye njia ya shamba, huona moshi mahali pasipo na nyumba, husikia lugha ya watu wasiotaka kusalimiwa. Gari la doria hupita hapo kwa nusu dakika. Yeye amepita kwa robo saa.

Ukiona jambo kama hilo, usilifuatilie mwenyewe. Mwambie mwenyekiti wa kijiji, au piga 999 au 112. Wala usitumie njia za panya kukwepa kituo cha Mpondwe, hata kama ni fupi na mzigo ni mdogo. Mwaka 2019 Ebola ilipoingia wilaya hii kutoka ng'ambo, tulijifunza kwamba kituo cha mpakani ni pia mlango wa afya yetu. Anayepita kituoni hujulikana amepita, na akipotea hutafutwa.

Najua swali lililo mioyoni mwenu: je, polisi naye atatimiza wajibu wake? Ni swali la haki. Askari akikusimamisha, ana wajibu wa kukueleza sababu. Baiskeli ikizuiliwa, una haki ya kupewa maandishi. Anayetoa taarifa hapaswi kutajwa jina barabarani wala sokoni. Askari akikudai kitu kisicho na stakabadhi, njoo ofisini, au mtume mwenyekiti wako, tulishughulikie. Hatuwezi kuomba macho yenu huku tukiwapa sababu ya kutukwepa.

Nilimtafuta yule mzee baadaye. Sikumpelekea taa, mshahara wangu mnaujua. Nilimpelekea kiakisi kimoja, tukakifunga pamoja nyuma ya keria kwa waya. Tangu siku ile tukikutana hunisalimu yeye kwanza, na zaidi ya mara moja ameniambia jambo la njiani ambalo lilifaa kujulikana.

Ndugu zangu, usalama wa barabara haupimwi kwa gari lenye kasi kuliko yote. Hupimwa kwa yule aendaye polepole, kama amefika nyumbani. Leo jioni, mtakapokuwa mkirudi, tazameni nyuma ya baiskeli iliyo mbele yenu. Kama haing'ai, mwambieni mwenyewe kwa upole, na kama mnaweza, msaidieni.

Safari njema.