Gari la Mnada: Karatasi Kwanza, Ufunguo Baadaye



Ndengu zikikubali Mwingi na maembe yakipata bei nzuri Wote, kuna familia ambazo huanza kutafuta pikapu ya kazi. Gari lililotwaliwa na benki kwa mkopo usiolipwa huvutia, kwa kuwa mara nyingi bei yake ni nafuu. Si kosa kulinunua. Lakini wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la gari ni logbuku.

Gari la mkopo kwa kawaida huandikishwa kwa majina mawili, la mkopaji na la benki. Siku ya mnada dalali humkabidhi mnunuzi ufunguo, lakini majina yale mawili hubaki kwenye rekodi za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA. Kwa Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, aliyeandikishwa ndiye anayehesabiwa kuwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Tena gari lililouzwa halifai kutumika barabarani zaidi ya siku 14 kama mwenye mpya hajaandikishwa.

Chukulia mkulima wa Kibwezi aliyelipa pesa zote akapewa risiti na ahadi ya kurudi wiki ijayo. Miezi inapita. Kumbe mwenye gari wa zamani alikuwa amekopa kwingine kwa dhamana ya gari hilohilo, na mkopeshaji huyo naye anadai. Mkulima ana gari uani, lakini hawezi kuliuza wala kuliwekea mkopo, na kila kizuizi cha polisi kinamtia wasiwasi.

Ili yasimkute hayo, mnunuzi afanye mambo manne kabla ya kulipa.

Kwanza, ahakikishe dalali ana leseni ya Bodi ya Leseni za Madalali, chini ya Sheria ya Madalali ya 1996, na kwamba ana barua ya benki inayomwagiza kuuza.

Pili, aombe rekodi za gari kutoka NTSA kupitia eCitizen. Aende na fundi, walinganishe namba ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye gari lenyewe. Gari la mnada huuzwa jinsi lilivyo. Likiharibika njiani, hasara ni ya mnunuzi.

Tatu, atafute gari hilo kwenye daftari la dhamana lililoanzishwa na Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Inayohamishika ya 2017. Humo ndimo wakopeshaji huandikisha madai yao. Dai la mkopeshaji aliyetangulia laweza kumfuata mnunuzi.

Nne, asome masharti ya mnada, na alipe kwenye akaunti iliyotajwa humo, si kwenye simu ya mtu binafsi. Adai hati ya mauzo, na barua ya benki inayokubali kuondoa jina lake. Atunze pia tangazo la mnada.

Hati hizo, pamoja na kitambulisho na PIN ya KRA, ndizo zitakazomsaidia kuhamisha umiliki. Asiyezoea mtandao apate msaada katika Huduma Centre, Kitui au Wote. Na kabla ya kuliondoa gari, awe amekata bima.

Mwenye gari wa zamani naye asisahauliwe, kwani huenda ni jirani aliyekumbwa na ukame au ugonjwa. Ana haki ya kulipa deni na gharama zake akarudishiwa gari kabla halijauzwa. Likiuzwa, pesa zikabaki baada ya deni na gharama kulipwa, na hakuna mkopeshaji mwingine anayedai, ziada ni yake. Akiona sheria haikufuatwa, aweza kwenda mahakamani, na kesi hiyo itamgusa mnunuzi pia. Kwa hiyo mnada halali humlinda kila mmoja wao.

Mnunuzi asiyepata majibu ya maswali haya ni heri arudi nyumbani na pesa zake. Minada haiishi, lakini jasho la msimu mzima likipotea, kulirudisha ni kazi.