Mjue kiwavi kabla ya kupiga dawa
Mafunzo kwa wakulima wa Meru na Embu



Mahindi yakifika magotini, wakulima wengi wa Meru na Embu hukuta majani yametobolewa, na mara moja hukimbilia pampu ya dawa. Ni vyema mdudu achunguzwe kwanza, kwani viwavi hawakabiliwi wote kwa njia moja.

Kiwavijeshi vamizi, aliyeripotiwa Kenya mwaka 2017, ana alama ya herufi Y iliyopinduliwa kichwani, na madoa manne meusi yaliyopangwa kama mraba karibu na mkia. Hujificha katikati ya majani machanga ya mhindi na kuacha kinyesi kama unga wa mbao. Anayetoboa sukuma wiki na kabichi mara nyingi ni mdogo, wa kijani. Akiguswa hujinyonganyonga na kuning'inia kwa uzi. Sota hukata miche usiku. Asubuhi hufukuliwa udongoni akiwa amejikunja.

Viwavi wana adui ambaye wengi humwua kwa hofu: kinyonga. Miteremko ya Mlima Kenya ni makao ya kinyonga wa pembe tatu. Hana sumu. Mchana hula wadudu wanaopita karibu naye, viwavi wakiwemo.

Hata hivyo, kinyonga hamfikii kiwavi aliyezama ndani ya mhindi, wala sota wa usiku. Hao waokotwe kwa mkono, wapondwe au wapewe kuku. Viwavi wenye manyoya wasishikwe kwa mikono mitupu wala wasipewe kuku. Shamba likishapigwa dawa, viwavi wake wasilishwe mfugo yeyote. Kinyonga naye hudhurika akila wadudu wenye sumu.

Kinyonga aachwe mtini. Kumkamata, kumfuga au kumwuza bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013. Masuala ya vibali hushughulikiwa na KWS. Akikutwa barabarani, apandishwe kwenye kijiti na kurudishwa kwenye ua wa karibu.

Asiyemtambua kiwavi aliyempata amtie kwenye chupa na kumpelekea afisa wa kilimo wa wadi kabla ya kununua dawa. Dawa isiyomfaa mdudu huyo humaliza pesa, humwua kinyonga, na kiwavi hubaki akila mahindi.